Kasha la vinanda saba vya mdomo: shajara ya kazi, Machi hadi Juni 2024

Jumamosi, 2 Machi 2024: vipimo na mbao

Wiki iliyopita kinanda changu cha mdomo (harmonika) cha kii ya A kilinyamaza katikati ya wimbo; kii ni sauti kuu ambayo kinanda kimepangiwa. Tundu la 4, kwa kuvuta: pumzi inapita, sauti haitoki. Nilipofika nyumbani nikafungua skrubu, nikainua bati, nikakuta uzi mwembamba kuliko unywele umelala chini ya ulimi wa shaba. Ulikuwa uzi wa soksi. Kwa miaka mitatu nimevibeba vinanda vyangu ndani ya soksi, soksi ndani ya begi, begi mapajani kwenye daladala la Mbagala.

Kwa ambaye hajawahi kukifungua: kinanda cha mdomo cha matundu 10 kina kitana katikati, yaani kile kibao chenye matundu, na sahani mbili za shaba, moja juu na moja chini. Kila sahani ina ndimi 10. Za juu zinalia ukipuliza, za chini zinalia ukivuta. Kila ulimi unacheza ndani ya mwanya wake karibu kuugusa, ndiyo maana uzi mmoja unatosha kuuzima. Vitatu kati ya vyangu ni Marine Band, ule mtindo ambao Hohner wa Trossingen, Ujerumani, waliuanza 1896, na vitana vyake ni vya mti wa peasi. Vinne vilivyobaki vina vitana vya plastiki. Cha mbao kikinywa mate huvimba, meno ya kitana yanatokeza nje ya sahani na kukwaruza midomo. Kwa hiyo kasha langu lina kazi mbili, kuzuia uchafu na kuacha vinanda vikauke. Leo naona ya kwanza ndiyo ngumu.

Kinanda kimoja nilichopima kwa rula: urefu sm 10.2, upana sm 2.7, kimo sm 2.0. Nimevipanga saba vimelala bega kwa bega, kila kimoja na nafasi ya sm 2.9, na viambaza sita vya milimita 3 katikati. Jumla ya ndani ni sm 22.1 kwa 11.5, kimo sm 4. Ile sm 1.3 ya ziada kwenye urefu wa kinanda ni ya kuingiza kidole wakati wa kukinyanyua.

Mbao nimepata Keko, kwa mzee mmoja anayetengeneza vitanda. Nilimwamkia, nikamweleza, akanitolea mabaki ya mninga yenye urefu wa mita moja. Nimechagua mninga kwa sababu ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, na Dar es Salaam masika ndiyo hayo yanabisha hodi. Mzee alinionya nifunge pua wakati wa kupiga msasa, kwa kuwa unga wa mninga unawasha koo. Ni kweli, nimehakikisha.

Mninga 8,000. Kipande cha plaiwudi ya milimita 3 kwa sakafu, mfuniko na viambaza, 3,000. Kuranda kwa mashine hadi unene wa sm 1, 2,000. Jumla hadi leo sh 13,000.

Jumamosi, 9 Machi: kona

Nilikata kona nne kwa nyuzi 45 kwa kufuata mstari wa penseli. Zote nne zikaachia mwanya, mmoja wa milimita 2. Mkono hauwezi kushika nyuzi 45 kwenye mbao yenye upana wa sm 4, hata ukienda polepole. Nikaacha, nikapigilia vibao vitatu vya taka kuwa mfereji, nikakata mstari wa nyuzi 45 kwenye kuta zake kwa msaada wa pembetatu ya shule ya binti yangu, kisha nikapitisha msumeno humo. Kona zilizokatwa upya zimekutana vizuri. Nimepoteza milimita 3 kila upande, lakini mbao ilikuwa na ziada. Tengeneza huo mfereji kwanza, kabla hujagusa mninga.

Vibanio sina. Nimezungushia mikanda ya tyubu ya baiskeli mara nne, jinsi mafundi wengi wafanyavyo. Inabana kwa nguvu sana, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana tyubu ilivuta kasha likawa limepinda. Nilipima kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo, nikapata tofauti ya milimita 4 kati ya njia mbili. Gundi ilikuwa bado mbichi, nikalisukuma kwa kiganja upande mrefu mpaka vipimo viwili vikalingana. Pima kona kwa kona kabla hujaenda kunywa chai.

Kwa kuhofia gundi peke yake isitoshe, nimepigilia misumari miwili midogo kila kona. Sakafu na mfuniko vimegundishwa pia, kwa hiyo sasa ni boksi lililofungwa pande zote sita. Nitalikata baadaye kutenganisha mfuniko, ili mfuniko na kasha viwe vimetoka kwenye mbao ileile na mishipa ya mninga iendelee bila kukatika.

Gundi nyeupe ya mbao 4,500, msasa karatasi tatu 3,000, misumari 500. Jumla sh 21,000.

Jumapili, 17 Machi: msumeno na msumari

Mfuniko ulitakiwa ukatwe sm 1.5 kutoka juu. Nilichora mstari kuzunguka boksi lote, nikaazima msumeno wa meno madogo kwa yule mzee wa Keko, nikaanza upande mrefu. Upande wa kwanza ulikwenda kama siagi. Nilipofika kona nikasikia mlio ambao mtu hausahau.

Misumari yangu ya juu niliipigilia sm 1.5 kutoka ukingoni, kwenye mstari wenyewe. Minne yote.

Nilirudisha msumeno ukiwa na meno matatu yaliyolala. Mzee aliupitisha kidole gumba, akaniuliza, "Mwanangu, uliweka misumari kabla ya kujua utakata wapi?" Nikamjibu ndiyo, mzee, nisamehe. Nililipia kunoa, sh 3,000, na akanifundisha kuitoa misumari: unatoboa vitundu kuzunguka kichwa cha msumari kwa ncha nyembamba ya keekee, unavuta kwa koleo, kisha unaziba kwa kijiti cha mninga chenye gundi. Vijiti vinne vimekaa, na ukipiga msasa huvioni isipokuwa ukitafuta.

Mzee aliniambia pia kwamba misumari haikuhitajika. Kasha dogo namna hii, lenye sakafu na mfuniko vilivyogundishwa, linashikwa na gundi. Anayenakili aiache kabisa.

Jumla sh 24,000.

Jumamosi, 30 Machi: mahameli

Wiki hii nilikuwa na furaha kupita kiasi. Kariakoo nilinunua nusu mita ya mahameli nyekundu, kopo dogo la gundi ya viatu, na kipande cha sponji ya sm 2. Nikavalisha sakafu, kuta, na viambaza pande zote mbili, kisha nikaweka sponji yenye mahameli ndani ya mfuniko ili ivikandamize vinanda visicheze. Lilipendeza. Mke wangu alisema linafanana na la kuhifadhia mikufu.

Vinanda havikuingia.

Nafasi ya kila kinanda ilikuwa sm 2.9. Mahameli ina unene wa milimita 1, na kila nafasi ina mahameli kushoto na kulia. Zimebaki sm 2.7 kamili, sawasawa na upana wa kinanda. Ukikisukuma kinaingia, lakini kukitoa unahitaji kucha, na ukikivuta kinang'oa nyuzi za mahameli, zilezile nyuzi ninazozikimbia. Nilikaa nikiliangalia muda mrefu. Kitambaa ni sehemu ya kipimo, nami nilikihesabu kama rangi.

Kwa sasa nimebandua mahameli ya upande mmoja wa kila nafasi. Vinaingia. Nitaona.

Mahameli 4,000, gundi ya viatu 2,500, sponji 2,000. Jumla sh 32,500.

Jumamosi, 13 Aprili: harufu na maji

Wiki mbili za kulitumia kasha zimetosha kuikataa ile mahameli ya ndani na sponji yake. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipogeuka.

Kwanza ni harufu. Gundi ya viatu inanuka siku ya kwanza na kila mtu anajua itaisha. Kwenye kiatu inaisha. Kwenye kasha lililofungwa, harufu inakaa humo na kuingia kwenye vinanda. Filimbi unaipuliza tu, ila kinanda cha mdomo unakipuliza na kukivuta, na nusu ya nota zako ni hewa unayoiingiza kifuani kupitia ndani ya chombo. Ijumaa ya kwanza nilipiga nyimbo tatu nikaumwa kichwa. Mwenzangu wa gitaa alikiweka kimoja puani akasema, "Kaka, hiki kinanuka karakana." Tangu hapo nimeweka sheria kwamba kitu ambacho singekubali kukiweka karibu na pua usiku kucha hakiingii kwenye kasha. Kuna jirani aliyenishauri vidonge vya nafthalini vya kuzuia wadudu kwenye mahameli. Nilimshukuru, sikuviweka.

Pili ni maji. Nilifanya jaribio. Nilichukua Marine Band mbili, ya C na ya D, nikazipiga dakika kumi kila moja, nikazikung'uta kiganjani matundu yakitazama chini, kama ifanyavyo kila mpigaji. Ya C nikaifungia kwenye kasha, ya D nikaiacha mezani juu ya kitambaa. Asubuhi ya D ilikuwa kavu. Ya C nilipoinua bati nilikuta ukungu wa matone kwenye sahani, na meno ya kitana yametokeza, nayasikia kwa ulimi. Kiambaza chenye kimo sm 2 kilikuwa kimeziba matundu kwa upande, mahameli imenyonya mate ikayashika, na sponji juu imekamilisha kifungo. Nilikuwa nimevitengenezea vinanda sehemu ya kulowekea.

Tatu, sponji yenyewe, iliyokatwa kutoka godoro, imeanza kupukutika kwenye kingo. Chembe moja niliikuta ndani ya tundu la 7.

Nimeng'oa vyote. Mahameli ilibanduka kwa urahisi, ila gundi ilibaki, na kuikwangua kwa patasi kumechukua jioni mbili. Hiki ndicho nilichoweka badala yake:

Viambaza nimevipunguza kutoka sm 2 hadi milimita 7, nikavilainisha kwa msasa, havina kitambaa. Kinanda hakiwezi kuteleza, lakini matundu yanapumua juu ya kiambaza.

Sakafuni nimelaza pande la kanga kuukuu alilonipa mke wangu. Kanga iliyofuliwa miaka haiachi nyuzi wala haichuji rangi, na ni pamba tupu. Nimeibandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na kwenye kingo tu, ili katikati kitambaa kibaki laini. Gundi hiyo ikikauka siku mbili haina harufu yoyote niliyoisikia.

Kwenye mfuniko, badala ya sponji, kuna mito miwili mirefu ya kanga iliyoviringishwa, minene kama kidole. Mmoja unakandamiza ncha za kushoto za vinanda vyote saba, mwingine ncha za kulia. Katikati hakuna kinachovigusa. Kabla ya kuishona nilipima pengo: kimo cha ndani sm 4, toa upana wa msumeno milimita 2, toa kinanda sm 2, unabaki na sm 1.8. Mito nimeifanya sm 2, ibonyee kidogo.

Nilijaribu pia vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Siku ya tatu jaribio la C na D lilirudi palepale. Vinashiba haraka na havikuambii vimeshiba. Mchele kwenye kitambaa niliuweka usiku mmoja, nikaona unga wake sakafuni, nikautoa. Kinachosaidia kweli ni kukung'uta vizuri na kuacha hewa ipite, na hewa bado haina njia ya kuingia. Hiyo ni kazi ya wiki ijayo.

Gharama ya leo ni wavu wa mbu, sh 1,000. Jumla sh 33,500.

Ijumaa, 26 Aprili: bawaba na matundu ya hewa

Sikukuu ya Muungano, siku nzima nyumbani, mvua nje.

Nimetoboa matundu matano ya milimita 5 kila upande mfupi, nikayafunika kwa ndani na wavu wa mbu uliobandikwa kwa gundi ileile nyeupe. Baada ya hapo nimerudia jaribio, mara hii kwa kuiweka D ndani na C nje, nisije nikawa nalaumu kasha kwa kosa la kinanda. Asubuhi D ilikuwa na unyevu kidogo tu kwenye tundu la 2 na la 3, na kitana hakikutokeza. Kwa mwezi huu wa mvua, nimeridhika.

Bawaba mbili za shaba. Skrubu ya kwanza nilipoikaza bila kutoboa kwanza, mninga ulipasuka sm 2 kwa mfuatano wa mishipa. Nimepenyeza gundi kwa ukingo wa kisu, nikafunga tyubu, umeshika. Skrubu saba zilizobaki nilitoboa kwanza kwa ncha ya milimita 1.5 na kuzipaka sabuni ya mche. Zimeingia kwa vidole karibu.

Bawaba 2,000, skrubu 1,000, komeo dogo 1,500. Jumla sh 38,000.

Jumapili, 5 Mei: kimbunga Hidaya

Wiki iliyopita nilipaka vanishi nje, mikono mitatu, ndani sikupaka kabisa kwa ajili ya ile sheria ya pua. Vinanda vilirudi kwenye soksi wakati kasha likikaa wazi dirishani.

Jana kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu Mafia, na huku kwetu mvua na upepo vilipiga vya kutosha. Maji yalipenya dirishani usiku. Asubuhi nilikuta kasha limekaa kwenye maji. Mninga haukufanya chochote. Plaiwudi ya sakafu ilikuwa imevimba ukingoni na tabaka la juu limenyanyuka kama ukurasa. Nilikuwa nimepaka vanishi nyuso na kuruka kingo za plaiwudi, na kingo ndizo zinazokunywa.

Nimelikausha kivulini, nimesukumia gundi chini ya tabaka lililonyanyuka, nimelibana kati ya vibao viwili na tofali. Likishashika nitapiga msasa na kupaka kingo mara mbili. Hakukuwa na kinanda ndani.

Vanishi robo lita 6,000, brashi 1,000. Jumla sh 45,000.

Jumamosi, 11 Mei: mshikio wa mpingo

Hii si lazima, lakini nilikuwa naitamani. Wazungu wanaagiza mpingo wetu kutengenezea klarineti na oboe, nami nina kasha la vyombo vya muziki lisilo na mpingo hata punje. Nilikwenda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikapata kipande chenye ukubwa wa kidole kwa sh 3,000.

Ncha ya keekee ya milimita 3 ilivunjikia ndani baada ya dakika moja. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ukiusukuma unatoa joto badala ya unga. Kijana mmoja pale Mwenge alinielekeza: ncha mpya, mwendo wa polepole, toboa milimita 2, toa, futa, rudia, na usisukume. Tundu mbili zimechukua nusu saa. Kipande kilichovunjikia ndani kimebaki humo, nimetoboa pembeni yake.

Mshikio umekaa mbele, chini ya komeo. Kila nikilishika kasha nafurahi.

Mpingo 3,000, ncha mbili 3,000. Jumla sh 51,000. Ukitoa kunoa msumeno, mahameli na wenzake, na ncha iliyovunjika, yaani sh 13,000, anayefuata njia hii bila makosa yangu, kwa bei hizi za 2024, atatumia kama sh 38,000.

Jumamosi, 8 Juni: mwezi mmoja wa kutumia

Nimelibeba Ijumaa nne. Hakuna kinanda kilichoziba. Mawili yamejitokeza.

La kwanza ni mpangilio. Nilivipanga kwa sauti, kutoka chini kwenda juu: G, A, Bb (B iliyoshushwa nusu sauti), C, D, E, F. Kimya nyumbani ni rahisi. Jukwaani taa ikiwa nyekundu, mpiga gitaa akisema "tunakwenda A", unatakiwa kutafuta D, kwa kuwa mtindo wetu tunapiga kinanda cha nota ya nne juu, ukianza kuhesabu na nota ya wimbo yenyewe, na herufi zilizochongwa kwenye bati hazionekani. Ijumaa ya pili nilitoa Bb. Nimechoma herufi kwa msumari wa moto kwenye ukingo wa mbao mbele ya kila kinanda: juu herufi kubwa ya kinanda, chini yake ndogo ya wimbo. C ina G, D ina A, E ina B, F ina C, G ina D, A ina E, Bb ina F. Nikajaza rangi nyeupe. Mbele ya C nimetia pia kishimo kwa tupa, ili kidole kikipapasa kijue katikati ni wapi na kuhesabu kutoka hapo. Vyote vinalala tundu la 1 likiwa upande wa bawaba.

La pili sikulitarajia. Kasha lilikaa dirishani siku sita, na jana nilikuta matundu matatu ya hewa yamezibwa kwa udongo mlaini uliopakwa vizuri kabisa. Nyigu wa udongo. Wavu wangu uko ndani, kwa hiyo kutoka nje kila tundu lilikuwa chumba cha sm 1 kisicho na mlango, na yeye akajenga. Nimelizibua kila moja kwa njiti ya kiberiti, nikapuliza kutoka ndani. Wavu wa pili nimeubandika nje, umenyooshwa juu ya matundu yote matano kila upande, na gundi inakauka ninapoandika. Kwa anayenakili, weka wavu nje tangu mwanzo, ule wa ndani hauhitajiki.

Kimebaki kitu kimoja. Binti yangu ameanza kupiga cha C, na sasa anataka chake. Ndani ya sm 22.1 hakuna nafasi ya nane.